Akwamarini za Erongo kwenye mwamba wake: kutoa kutu, kupunguza jiwe na kukagua gundi

Broka_Kijenge

Wakuu, habari za jioni. Kuna mzigo wa vipande 23 vya akwamarini kutoka milima ya Erongo, Namibia, vyote bado viko kwenye mwamba wake. Kikubwa kina sentimita 11, kidogo kabisa ni kama kidole gumba. Akwamarini zenyewe (vito vya jamii ya berili) ni bluu hafifu, pande sita, ncha bapa, na ndefu kuliko zote ina sentimita 3.4. Zilizoambatana nazo ni turmalini nyeusi karibu kwenye kila kipande, feldispa nyeupe, ulanga wa rangi ya fedha, na vipande 6 vina fuwele ndogo za zambarau na kijani ambazo nadhani ni fluoriti. Vyote vimeshika kutu ya rangi ya chungwa na udongo mgumu. Pembeni kuna fuwele 5 nyembamba za bluu zisizo na mwamba.

Mlengwa ni mkusanyaji, siyo mkataji anayenunua kwa gramu. Naomba msaada hapa:

Kutu itoke vipi bila kuharibu? Vipande 4 vina mwamba mwingi mno, vinapunguzwaje? Na nitajuaje kama kuna fuwele iliyogundishwa na muuzaji wa kwanza?

Nawasilisha.

---

Jiwe_Kavu

Asidi ya oksaliki tu mkuu. Gramu 100 kwa lita ya maji, ndoo ya plastiki, siku tatu. Kutu kwisha habari yake.

---

UlangaMweupe

Jiwe_Kavu, hilo jibu ni sahihi kwa nusu ya mzigo, na kwa nusu nyingine ni hasara. Akwamarini yenyewe haina shida, berili inavumilia asidi karibu zote. Wenye shida ni wenzake. Kwa hiyo @Broka_Kijenge, usiguse asidi kabla hujajua nani yuko kwenye kila kipande. Tenga mafungu matatu.

Fungu la kwanza: akwamarini, turmalini nyeusi, feldispa, kwatzi. Hili linavumilia oksaliki.

Fungu la pili: chochote chenye fluoriti, apatiti au kalsaiti. Hapa sahau asidi. Kalsaiti na apatiti zinaliwa, fluoriti inapoteza mng'ao. Na fluoriti kwenye asidi ya salfa ni hatari kwako mwenyewe, kwa sababu inatoa asidi ya hidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kushambulia kalsiamu ya mwili. Nasema hivi kwa sababu kuna mtu huagiza "maji ya betri" akiwaza maji yaliyokenekwa (distilled), akapewa asidi ya betri. Hiyo ndiyo asidi ya salfa. Soma chupa.

Fungu la tatu: vipande ambavyo "kutu" yake siyo kutu. Erongo hutoa gothaiti (madini ya chuma) nzuri sana, yenye umbo lake kamili, kahawia iliyokolea au nyeusi, wakati mwingine ikiwa imechukua umbo la madini yaliyokuwepo kabla yake. Ukiiona chini ya lenzi ina kingo na nyuso badala ya kuwa ungaunga, iache hapo. Oksaliki itaila, na mkusanyaji angeilipia.

Kabla ya dawa yoyote, toa udongo. Loweka siku mbili kwenye maji ya kawaida yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, kisha chokoa kwa vijiti vya mishikaki vilivyochongwa, siyo sindano ya chuma. Chuma huacha mistari ya kijivu kwenye feldispa na hukwaruza fluoriti, ambayo ugumu wake ni 4 tu kati ya 10. Mswaki laini unatosha. Kwenye ulanga, piga mswaki kufuata ukingo wa kurasa zake, usipige kwa kukatiza, maana utaziinua na hazirudi. Mashine ya mawimbi ya kusafishia vito isikaribie kabisa: fluoriti inapasuka, ulanga unafumuka, na akwamarini yenye vimiminika ndani yake inaweza kuongeza nyufa.

Sasa kutu ya fungu la kwanza. Oksaliki gramu 60 hadi 80 kwa lita zinatosha. Gramu 100 kwenye maji baridi nyingine itabaki imelala chini ya ndoo bila kuyeyuka. Usichemshe. Ndoo ya plastiki, glavu, nje penye hewa, mbali na watoto na vyombo vya jikoni, maana ni sumu ya figo. Badilisha maji yakishakuwa na rangi ya chai nzito ya kijani au njano. Ukiyaacha yakashiba chuma, yatashusha utando wa njano juu ya mawe, na huo ni kero kuliko kutu uliyoanza nayo.

Kosa kubwa zaidi huwa kwenye kusuuza. Usisuuze kwa maji ya bomba au ya kisima mara ya kwanza. Maji magumu yana kalsiamu, na kalsiamu ikikutana na oksaliki inatoa unga mweupe usioyeyuka, unaoingia kwenye kila ufa. Tumia maji ya mvua au maji yaliyokenekwa kwa mara tatu nne za mwanzo. Muda wa kuloweka kwenye maji safi usipungue muda uliokaa kwenye asidi. Kama kilikaa siku tatu, maji safi siku tatu, unabadilisha asubuhi na jioni. Akwamarini ina vijimirija vyembamba ndani vinavyokwenda na urefu wa fuwele, na asidi hujificha humo na katikati ya kurasa za ulanga. Ukikausha mapema, wiki ijayo utaona chumvi nyeupe imechungulia.

Kwa fungu la pili tumia dawa ya Waller, mchanganyiko unaotoa kutu bila asidi kali. Kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa: sodiamu sitreti gramu 71, bikaboneti ya soda gramu 8.5, na mwisho sodiamu ditionaiti gramu 20. Hiyo ya mwisho wauza dawa za batiki wanaijua kwa jina la haidrosalfaiti. Sitreti ukiikosa, tengeneza: asidi ya sitriki kavu gramu 46 na bikaboneti gramu 61, weka kidogo kidogo kwenye chombo kikubwa maana inafura kama soda iliyotikiswa. Povu likiisha, ongeza zile gramu 8.5. Bikaboneti ya kuokea, siyo baking pauda.

Ditionaiti itie mwisho kabisa, wakati mawe yako tayari, kwa sababu hewa inaiua. Jaza chombo hadi karibu na mdomo, funika, lakini usikaze kwa nguvu zote. Itanuka kiberiti, kwa hiyo ifanyie nje. Baada ya saa 24 hivi nguvu imekwisha. Mwaga, loweka kwenye maji safi, na kama kutu bado ipo tengeneza nyingine. Unga wake utunze mkavu. Ukiingia unyevu unapata joto wenyewe na unaweza kuwaka.

Jaribu yote haya kwanza kwenye kipande kibovu cha mzigo huohuo. Kila mzigo una kipande kibovu.

---

Fundi_Voi

Ongezeo moja kwa UlangaMweupe: usiitumie hidrofloriki wala unga wa amonia wenye floridi, hata ukiambiwa ndivyo vipande vya Pakistani vinavyosafishwa. Feldispa hutoka nyeupe pee kama chokaa, imekufa mng'ao, na mnunuzi mzoefu anaijua kwa mbali.

Mimi nijibu la kupunguza mwamba, maana hapo ndipo pesa huvunjika. Vielelezo viko: ile fuwele ya Brazil iliyotoa Dom Pedro, kito cha karati 10,363 kilichoko makumbusho ya Smithsonian, Marekani, ilikuwa na urefu wa karibu mita moja hadi ilipoanguka ikawa vipande vitatu. Berili ni ngumu kukwaruza, 7.5 hadi 8, lakini ngumu kukwaruza si ngumu kuvunja.

Nyundo na tindo weka kando. Mshtuko wa nyundo hausimami ulipopiga. Unasafiri ndani ya feldispa na kutokea mahali dhaifu kuliko pote, na mahali hapo mara nyingi ni shina la akwamarini yako. Unapiga kona ya kushoto, fuwele ya kulia inaruka.

Kinachofaa ni kubana pole pole. Fremu ya chuma, jeki ya mafuta ya tani 10 au zaidi, na meno mawili ya tindo yanayotazamana, moja juu moja chini. Kabla ya kubana, geuza jiwe juani. Feldispa ina mipasuko miwili ya asili inayokaribia pembe mraba, na utaiona kama vioo vidogo vinavyometa vyote kwa pamoja ukiinamisha jiwe kwa pembe fulani. Jiwe litafuata vioo hivyo, si matakwa yako. Kama vioo vinaelekea kwenye fuwele, usibane hapo, tafuta upande mwingine. Kama vinapita chini yake, uko salama zaidi.

Funga fuwele kwa tishu tabaka nyingi kisha sponji, lakini jiwe lishikwe kwa mwamba wake, kamwe lisishikwe kwa fuwele. Bana mpaka usikie mlio mdogo wa kwanza, acha dakika chache, bana tena kidogo. Anza na kona za mbali, toa kidogo kidogo. Weka kitambaa cheupe chini na kandokando. Fuwele ikiruka uipate na vipande vyake vyote, hata vya ukubwa wa punje ya chumvi.

Grenda ya diski ya almasi tumia kwa kitako tu, na kwa maji. Kwanza kwa sababu vumbi la kwatzi huharibu mapafu na vumbi la berili lina beriliamu. Pili kwa sababu alama ya msumeno ikionekana kwa mbele, bei inashuka. Ukishakata kitako, mega kingo za mkato kidogo kwa koleo ili mstari ulionyooka usionekane kwa upande.

Na kati ya vile 4, kimoja kinaweza kuwa hakihitaji kupunguzwa. Mwamba kuzidi siyo dhambi kama fuwele imekaa katikati yake vizuri na nafasi tupu inaipa heshima. Mkusanyaji anaweza kupunguza mwenyewe, kurudisha hawezi.

---

Lenzi10

Kuhusu gundi. Chukua tochi ya mwanga wa UV, hata ile ya kukagulia noti, ingia chumba chenye giza. Epoksi nyingi huwaka nyeupe ya bluubluu, kama mstari au pete kwenye shina la fuwele. Angalizo kwa Erongo hasa: kuna hialaiti, opali isiyo na rangi inayopaka mawe kama maji yaliyoganda, na yenyewe huwaka kijani kali. Hiyo siyo gundi, hiyo ni bahati. Usiiloweke kwenye chochote cha moto wala kuikausha juani, inaweza kupasuka.

Baada ya tochi, lenzi ya mara 10 kwenye shina. Gundi huwa na mapovu ya duara, na mwenye kuificha hunyunyizia chembe za ulanga au mchanga juu yake. Chembe hizo hulala ovyo, wakati ulanga ulioota wenyewe umesimama na mizizi. Kisha pamba ya masikio yenye asetoni: super glue italainika, epoksi itabaki. Kwa hiyo asetoni ikishindwa, usitangaze ushindi.

Kipimo bora kuliko vyote ni kujiuliza kama jiwe lina mantiki. Turmalini iliyoota pamoja na akwamarini huacha mfereji ndani yake, au akwamarini imeizunguka. Fuwele mbili zikigusana kwa nukta moja tu bila hata moja kuacha alama kwa nyingine, kagua tena. Na fuwele iliyo safi kabisa iliyosimama kwenye mwamba wenye kutu mpaka kwenye shina, nani aliiosha peke yake?

Kugundisha siyo wizi kama fuwele ni ya palepale na umeandika kwenye lebo kwamba imeunganishwa. Kujaza sehemu iliyopotea kwa resini ni jambo jingine na liandikwe kwa jina lake. Kunyamaza ndiko kunakoharibu.

Zako ni bluu hafifu kwa hiyo hazinitishi, lakini siku ukiletewa berili ya bluu nzito kupita kiasi, vaa miwani ya jua yenye polaraizi. Weka karatasi nyeupe nyuma ya fuwele (siyo skrini ya simu, mwanga wake una mwelekeo tayari). Miwani ikiwa usoni kama kawaida, isimamishe fuwele wima, halafu ilaze. Akwamarini hukolea bluu ikisimama na kupauka ikilala. Ikiwa kinyume, mashaka: hiyo ni tabia ya berili aina ya Maxixe, ambayo mara nyingi hupatikana kwa mionzi, na rangi yake hufifia kwenye mwanga.

Na kama kuna zenye ukijani, usishawishike kuzipasha moto. Wakataji hupasha nyuzi 400 hadi 450 kuondoa ukijani, lakini jiwe likiwa na fluoriti, fluoriti hiyo inaweza kulipuka vipandevipande.

Zile 5 nyembamba zisizo na mwamba: zipime msongamano kabla hujaziuza. Weka kikombe cha maji kwenye mizani ya sonara ya 0.01, rudisha sifuri, ning'iniza fuwele kwa uzi iingie majini bila kugusa chini wala ukuta. Gawa uzito mkavu kwa namba unayoisoma. Akwamarini itakupa karibu 2.7.

---

Broka_Kijenge

Wakuu shukrani sana. Nimejaribu kwenye vipande viwili vibovu vya fungu la kwanza, oksaliki gramu 70, siku mbili. Kutu imetoka, ila kimoja kimebaki na ukungu mweupe kwenye mifereji ya turmalini na kingine kina njano ya limao kwenye feldispa. Nilisuuza kwa mvua, lakini mvua iliisha nikamalizia na kisima.

Fuwele nne zimetoa kati ya 2.69 na 2.73. Ya tano, gramu 1.31, maji yanasoma 0.40. Hiyo ni 3.27. Nimerudia mara tatu.

---

UlangaMweupe

Weupe ni kalsiamu oksaleti, kisima ndicho kimekujibu. Maji hayatautoa. Kwa kuwa kipande hicho hakina fluoriti wala apatiti, tumia asidi ya chumvi iliyopunguzwa mpaka asilimia 5 hivi, saa moja au mbili, kisha maji yaliyokenekwa kwa siku kadhaa. Siku zote tia asidi kwenye maji, siyo maji kwenye asidi. Njano ni oksaleti ya chuma. Waller bila ditionaiti, yaani sitreti na bikaboneti tu ya uvuguvugu, huitoa pole pole, au asidi hiyohiyo ya chumvi. Nunua maji yaliyokenekwa ya kutosha kabla hujaanza mzigo mzima. Vipande 23 vitakula zaidi ya lita 60 bila wewe kujua.

---

Lenzi10

Hiyo ya 3.27 iweke pembeni sasa hivi, mkuu. Kwa uzito huo mdogo hesabu yako inaweza kukosea mpaka 0.1 hivi, lakini haiwezi kukosea kutoka 2.7. Siyo akwamarini. Topazi iko 3.5, apatiti karibu 3.2. Na Erongo kuna jeremejeviti, iliyoanza kutoka huko 2001, boreti ya alumini yenye umbo la sindano la pande sita, bluu hafifu, na msongamano wake ni karibu 3.28. Kwa macho wengi huichanganya na akwamarini, ila yenyewe ni adimu mno na wakusanyaji huisaka.

Usiikwaruze kwa kisu kujaribu kama ni apatiti. Utaharibu kitu ambacho thamani yake iko kwenye nyuso zake. Mpelekee mwenye refraktomita (kifaa cha kupima jinsi jiwe linavyopinda mwanga), Arusha hapo wapo. Akwamarini ingesoma karibu 1.57 hadi 1.58. Ikisoma 1.63, elekea kwenye apatiti; ikiwa 1.64 hadi 1.65 na tofauti kati ya namba mbili ikawa wazi, uliza kama anaweza kukuthibitishia kwa Raman (kipimo cha leza kinachotambua madini).

---

Fundi_Voi

Na lebo yake iandike leo, kabla hujasahau ilitoka mfuko upi wa mzigo. Jina la madini, yaliyoambatana, mlima, mji wa karibu (Usakos, Karibib au Omaruru, muulize aliyekuuzia), nchi, mwaka. Bandika namba ndogo kwenye kitako pia. Jeremejeviti bila mahali ilipotoka ni sindano ya bluu tu.

Ukisafirisha zilizobaki: tishu kwanza, siyo pamba, nyuzi za pamba hunasa kwenye ulanga na turmalini. Jiwe likandamizwe kwa kitako, juu ya fuwele kubaki pango tupu. Boksi ndani ya boksi, sentimita 5 za sponji katikati. Mwambie mpokeaji asifungue mara tu likitoka kwenye ndege. Fluoriti haipendi kubadilishiwa joto ghafla. Liache mezani saa kadhaa.

---

Broka_Kijenge

Nimeifunga kwenye tishu, namba 23-E. Kesho saa nne asubuhi iko kwa refraktomita. Nitarudi na namba.